Sala Iliyopata Alama Zote

Huu ni mwaka wangu wa tatu Kitengela, na mwenye duka la chini bado hunicheka. "Naomba mkate," nasema, kama tulivyolelewa sisi wa Singida. Naye hujibu, "Wewe Mtanzania, unaomba na uko na pesa? Sema tu nipee." Najifanya nimeudhika. Wakati mwingine naudhika kweli.

Kazi yangu naifanyia chumbani: nasoma Kiswahili kinachoandikwa na mashine za akili mnemba, nakipa alama. Naipenda kuliko nilivyotarajia. Baba alikuwa katekista, na tangu utoto nimekuwa nikijiuliza maneno hupata wapi nguvu. Sasa nalipwa kujiuliza swali lile lile. Jibu silioni, na situlii. Nafungua dirisha, vumbi la malori ya mawe linaingia. Nalifunga, joto linanitoa nje.

Kila Alhamisi majirani hukutana kwa maombi, nyumba kwa nyumba, na wa kufunga kwa sala ni mimi sikuzote. "Mtanzania atufungie," husema mama mwenye nyumba anayetupangisha, "hiyo Kiswahili yake ni tamu sana." Nami nafunga, kwa maneno yote niliyorithi kwa baba: Ee Mwenyezi, Mwingi wa rehema, twanyenyekea mbele ya kiti chako cha enzi. Wanaposema amina, mimi tayari nawaza kama kuna aliyesikia zaidi yao.

Jumanne moja nikakuta mashine imeagizwa kuandika sala ya kumwombea mgonjwa. Ee Mwenyezi, Mwingi wa rehema. Hata kiti cha enzi kilikuwepo. Nilitafuta kosa, sikuliona. Nikaipa alama zote, kisha nikazunguka chumba mpaka mpangaji wa chini akagonga dari. Nilikuwa na hasira na mashine, na baba, halafu na nafsi yangu. Kama kitu kisichoamini chochote kinaweza kuomba hivyo, mimi nilikuwa nafanya nini kila Alhamisi?

Wiki ile zamu ilikuwa ya jirani yangu wa mlango wa pili, mama kutoka Kakamega. Mumewe alikuwa ameangukiwa na jiwe machimboni, amelazwa Kajiado, na asubuhi ya kesho yake madaktari wangeamua kama mguu ukatwe. Mama hakulia. Alimimina chai mpaka ikafurika kwenye sahani.

"Mtanzania, tuombee."

Nikasimama. "Ee Mwenyezi," nikasema, nikaisikia mashine kinywani mwangu. Nikaikatisha hapo. Mtu akakohoa. Nilitamani kutoka nje, nishike barabara ya Namanga, nivuke mpaka nirudi kwetu.

"Endelea tu," mama akasema.

"Mungu," nikasema, "huyu mama anaogopa. Mimi hata sijui kama unasikia. Lakini mguu ni wa mume wake, na anautaka. Tupee huo mguu."

Nikaketi. Amina zilichelewa, zikaja moja moja. Yule mama anayetupangisha alinitazama kama mtu aliyetukana mbele ya wakwe. Hakuna aliyesifu Kiswahili changu.

Kesho yake mchana nilimkuta jirani yangu ngazini, ndiyo kwanza anarudi kutoka Kajiado, vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Wameukata," akasema.

Nilishikwa na aibu, kana kwamba mguu ule ulikuwa mikononi mwangu nikauangusha. Nikamwambia pole, na kwamba Alhamisi ijayo ni afadhali afunge mtu mwingine, mtu mwenye imani yake.

"Hapana, dada. Ni wewe." Alikuwa anatafuta ufunguo kwenye mkoba. "Na uombe vile uliomba jana. Usirudie zile za zamani."

"Lakini mguu umekatwa, mama."

"Najua umekatwa." Akaupata ufunguo, akafungua mlango. "Ndio maana. Bado niko na maneno ya kumwambia Mungu."