Maji Yaliyotulia Kwenye Kioo

Boila yetu ilikuwa pipa la chuma lililolazwa ubavu, refu kuliko lori. Moto wake hauchemshi maji kwa chini kama jikoni. Unavutwa kupitia mirija mingi iliyozama majini, unakwenda na kurudi, kisha moshi unatokea kwenye dohani. Maji yakifunika mirija, chuma kiko salama. Yakipungua, mirija ya juu inaiva hadi nyekundu, na hapo hata fundi mzoefu hutafuta mlango.

Nilikuwa nikilisha kuni na kutazama kioo, yaani bomba jembamba la kioo lililosimama mbele ya boila kuonyesha kina cha maji ndani. Kilikuwa kiwanda cha juisi ya maembe, nje kidogo ya mji wa Machakos. Niliacha shule kidato cha pili wazazi wetu walipofariki. Nilikuwa kifungua mimba, na wadogo zangu watatu walikula kwa sababu ya boila ile.

Alasiri moja nilipokea zamu kwa mwenzangu.

"Kioo kiko sawa, mwaitu," aliniambia, akiniita mama kwa utani. "Kimejaa kama kikombe cha mgeni."

Kilikuwa kimejaa kweli. Lakini maji hayakutikisika. Boila ikiwa na moto, maji ya kioo hupumua, hupanda na kushuka kama upana wa ukucha.

"Umekipuliza leo?"

"Asubuhi. Wewe unashuku hata uji uliopika mwenyewe!" Akacheka, akiangalia viatu vyake.

Alipoondoka nilikipuliza mwenyewe: nilifungua valvu ya chini, kioo kikamwaga maji yake yote. Nikaifunga. Maji yalipaswa kuruka juu mara moja. Yalitambaa. Kisima chetu kina chumvi. Kila sufuria mtaani ina ganda jeupe. Ganda hilo lilikuwa limeziba njia ya kuingilia kioo, na yale niliyoyaona yalikuwa jasho la mvuke tu, mvuke uliopoa humo kiooni. Ndani mlibaki maji kiasi gani? Sikujua.

Nikaziba tundu la hewa la tanuri, nikaanza kukokota makaa nje. Msimamizi akaja mbio.

"Nani amekwambia uzime? Maembe yako jikoni!"

"Kioo kinadanganya, bosi."

"Si uongeze maji!" Akaielekea swichi ya pampu.

Hilo ndilo kosa la wengi, kudhani boila yenye kiu hunyweshwa. Maji baridi yakigusa mirija iliyoiva, hugeuka mvuke kwa pigo moja na chuma hupasuka. Nikasimama mbele ya swichi.

"Ukiiwasha, watatuokota vipande kule kilimani Lukenya."

"Toka hapo, ama leo ndiyo siku yako ya mwisho hapa."

Niliwafikiria wadogo zangu. Lakini sikutoka.

"Nifukuze, bosi. Pampu huwashi."

Alisimama, akatukana, akaondoka. Maembe yaliharibika.

Boila ilipopoa, siku ya pili, fundi alifungua mlango wa juu. Safu nzima ya juu ya mirija ilikuwa kavu, mingine imepinda. Msimamizi alichungulia kwa tochi muda mrefu.

"Ikitengenezwa, utarudi zamu yako," alisema bila kunitazama.

Nilirudi. Mwenzangu naye alirudi, akiapa kwamba alikipuliza kioo asubuhi ile. Sikubishana naye. Nilianza tu kufika kazini nusu saa mapema, nikikaa mahali ninapoiona mikono yake kwenye valvu ya kioo.