Maandazi ya Hewa

Mwaka 2022, nikiwa na miaka sitini na moja, bei zilituvamia hapa Tandika. Nimesoma mpaka darasa la tatu tu, lakini nyumba nimejenga mwenyewe kwa maandazi. Hakunisaidia mwanaume wala serikali.

Kabla ya hapo siku zilikuwa za kawaida. Mie nakanda, wifi yangu Salima, mjane wa kaka yangu, anachoma. Karai moja lililisha nyumba mbili, yangu na yake. Andazi shilingi mia, na mafundi wa gereji ya jirani wanagombania ya moto.

Asubuhi moja mwenye duka akaniambia bei ya jana ya mafuta ya kupikia niisahau. Wiki iliyofuata ikapanda ngano. Nikarudi na dumu nusu.

"Wifi, tuuze mia mbili," Salima akasema.

"Una kichaa? Fundi akitoa mia mbili ya andazi, chai atanunua kwa meno?"

"Basi tupunguze donge."

"Watatutukana."

"Basi tupunguze donge, tuzidishe hamira. Litavimba, nani atajua?"

Wachoma maandazi wengi waliobanwa mwaka ule walifanya hivyo hivyo. Yakatoka makubwa, mekundu, kama ya harusini. Nikajua bei tumeipiga chini.

Kesho yake fundi mmoja, tunamwita Kipara, akalibonyeza lake mbele ya wenzake.

"Shikamoo, bibi. Hili limeshusha pumzi."

"Marahaba. Kula, unyamaze."

"Nile nini, bibi? Humu ndani hamna mtu!"

Gereji nzima ikacheka. Nikamwambia kichwani kwake ndiko hamna mtu.

Kuchekwa nilikuzoea. Kilichotumaliza ni mafuta. Andazi lenye matobo ndani linakunywa mafuta kama sifongo. Dumu lililokuwa likitufikisha Ijumaa likakauka Jumatano. Tuliokoa ngano, tukamwaga mafuta, na mafuta ndiyo yaliyopanda zaidi.

Alhamisi hatukuchoma.

Ijumaa hatukuchoma.

Jumamosi Salima akaja na mfuko wa nguo.

"Wifi, karai hili halitulishi wawili. Wewe una nyumba, mie nalipa kodi. Naenda Kipawa kufulia watu."

Nikaendelea kufuta karai.

"Huna la kusema?"

"Nenda kabla jua halijawa kali."

Akaenda. Angebaki tungelala njaa sote wawili.

Nikarudisha hamira ya kawaida, nikauza mia mbili. Nusu ya mafundi walikimbia. Waliobaki wananitosha mie peke yangu.

Siku hizi redioni kuna bwana mwenye sauti laini anasema mfumuko wa bei umeshuka. Nikamuuliza mpangaji wangu, mwalimu, maana yake nini. Akasema bei bado zinapanda, ila taratibu. Kumbe zilipofika hazirudi! Basi huyo bwana asinipongeze. Aje anunue mafuta kwa sauti yake.

Salima alikuwa mchomaji kunishinda mie. Sasa vidole vyake vimechubuka kwa sabuni za watu. Tunakutana misibani, tunakaa mkeka mmoja, tunaulizana hali. Hajaomba kurudi, na mie sijamwita, maana sina cha kumgawia.

Nilivyo navyo leo: nyumba ya vyumba vitatu, kimoja nimepangisha. Karai. Jiko la mkaa. Meza. Kuku wanne. Redio. Mtu wa kuchoma naye, sina.