Bunduki Iliyovutwa Tupu

Fundi wa nguo wa hapa Ruiru hutia cherehani yake mafuta Jumatatu asubuhi, na mimi nikipita mbele ya kibanda chake, harufu ile hunisimamisha. Yeye hudhani natamani vitenge vyake. Namwacha adhani hivyo. Nitaanzaje kumweleza kwamba baba yangu alipaka bunduki yake mafuta ya cherehani, na kwamba wakati huo pua yangu iko kwetu nje ya Thika, sebuleni, jioni, miaka mingi iliyopita?

Ndiyo, tulikuwa na bunduki. Msishtuke, ilikuwa na leseni, na baba aliitunza leseni ile kuliko cheti chake cha ndoa. Ilikuwa ya mitutu miwili, ya kizamani, nyundo zake zimechomoza nje kama masikio ya sungura. Baba aliirithi kwa guka, yaani babu yangu, pamoja na shamba na ugomvi na nguruwe mwitu waliokuja kula mahindi. Kusema kweli, alikuwa hodari zaidi wa kuipangusa kuliko kuipiga. Nguruwe walimjua.

Mama aliichukia. Alipokuwa mdogo, kaka yake alikatwa vidole na bunduki ambayo watu wazima waliapa kwamba haina kitu. Kwa hiyo alipoolewa aliweka sharti: hatalala nyumba moja na chombo kile mpaka asikie kwa masikio yake kwamba ni kitupu. Basi kila jioni, kabla ya kuombea chakula, baba aliitoa kabatini, akaielekeza sakafuni, akazivuta nyundo nyuma, kisha akafyatua upande mmoja na wa pili. Tak. Tak. Mama akaitikia kutoka jikoni, "Haya, kujeni tukule." Tulizoea hivyo hata tukawa tunasikia njaa kwa mlio wa bunduki. Mimi niliamini kila nyumba ya Kikristo hufanya vile.

Mama naye alikuwa na ng'ombe wake, Rosi. Alipewa na wazazi wake akiwa ndama, akamlea kwa mikono yake. Alimwambia Rosi mambo ambayo hakutuambia sisi, na baba alikuwa akimtania kwamba akitaka kujua mkewe anawaza nini, itabidi aende zizini kuuliza.

Asubuhi moja mama alikuwa akimkamua tuliposikia kelele barabarani, "Mbwa wa kichaa! Mbwa wa kichaa!" Mbwa mwenyewe akaingia kwa upenyo wa ua, mate yanamdondoka, anatembea upandeupande. Mama akapiga ukemi. Baba alitoka na bunduki huku akisukuma risasi ndani, akasimama kati ya mbwa na zizi, akalenga. Nilikuwa dirishani, nimeziba masikio nikingoja kishindo.

Tak.

Akafyatua wa pili. Tak.

Ulikuwa mlio uleule wa jioni, ule wa kutuita mezani. Mbwa alimpita baba kama nguzo ya ua, akamrukia Rosi na kumng'ata puani, akaning'inia hapo mpaka majirani walipofika na rungu wakammaliza. Baba aliielekeza mitutu ardhini, kisha akaifungua bunduki na kutoa zile risasi. Pale nyuma, kwenye kile kiduara cha shaba ambacho hugongwa ili risasi ilipuke, kila moja ilikuwa na kijishimo hafifu, mfano wa alama ya ukucha kwenye sabuni. Alivitazama vile vijishimo mpaka mama alipomfikia.

"Baba Njeri, si ulisema hii kitu inafanya?" mama akauliza, akimwita kwa jina langu kama kawaida yake.

Daktari wa mifugo alikuja akamdunga Rosi sindano, akasema tungoje tuone, naye hakutupa matumaini makubwa.

Baba aliipeleka bunduki Ruiru kwa pikapu ya jirani, kwa fundi aliyekuwa na leseni ya kutengeneza silaha. Nilichukuliwa kwa sababu nilikuwa nimekataa kubaki na Rosi, nilikuwa namwogopa. Fundi yule alikuwa mcheshi na mwenye maneno mengi. Alifungua, akachomoa pini mbili nyembamba ambazo nyundo huzigonga ili nazo zigonge risasi, akaziweka kiganjani mwa baba.

"Ona hizi. Ncha zilifaa ziwe na mviringo. Sasa zimebondeka, zimekuwa fupi, hazifiki. Haiya, nani amekuwa akivuta hii bunduki tupu?"

"Ni ya zamani tu," baba akasema.

"Zamani gani? Kukiwa na risasi ndani, pini inapata kitu cha kuipokea. Ukivuta tupu ni chuma kwa chuma, kila siku, mpaka iishe. Na siku moja unasahau risasi ndani, unaua mtu. Nani amekufunza hiyo tabia?"

Niliona baba akiangalia viatu vyake. Angeweza kusema. Sentensi moja tu ingetosha, na fundi angecheka na kusema wanawake ni wanawake.

"Ni mimi," baba alisema. "Ni tabia yangu tu."

Fundi akampa pini mpya na springi mpya, akasugua grisi ya miaka mingi iliyokuwa imekauka ndani mithili ya uji uliolala sufuriani. Akamwonya: asiivute tupu tena. Akitaka kujua kama ina risasi, aifungue atazame mitutu. Akilazimika kuzilegeza springi, aweke kwanza risasi za bandia zenye raba nyuma. Na mafuta ni tone, si kuogesha. Baba aliitikia kila neno, ndiyo, ndiyo, kama mtoto wa shule.

Tulipotoka aliniinamia. "Mami, haya maneno ya fundi yabaki hapa Ruiru. Mama yako asiyasikie. Sawa?" Nikasema sawa. Nilijisikia mkubwa, maana nilikuwa nimepewa siri ya watu wazima.

Baada ya wiki chache Rosi aliacha kula, akaanza kulia kwa sauti ambayo ng'ombe hana, na kugonga kichwa kwenye mbao. Daktari alisema hakuna la kufanya ila moja. Baba alichukua bunduki. Mama alijifungia jikoni na sisi watoto, akatushika kama tungetoroka. Bunduki ililipuka mara moja tu, sufuria zikatetemeka rafuni.

"Leo imelia," mama akasema.

Tangu siku hiyo hakukuwa tena na tak, tak. Jioni baba aliifungua bunduki, akamletea mama jikoni achungulie mitutu. Mama hakuchungulia. "Mimi nimezoea kusikia," alisema. Baba alijibu, "Tazama basi, Mama Njeri, hakuna kitu," na kuondoka. Mama aliona kwamba baba amemkasirikia kwa yale maneno ya siku ya mbwa, na kwamba anamnyima kusudi kitu kidogo alichokuwa akimpa kila siku. Naye akajibu kwa njia yake. Wageni walipokuja, aliwasimulia habari za bunduki inayochagua siku ya kulia. Watu walicheka. Baba alicheka nao, akatafuta kazi ya kufanya nje. Waliishi hivyo, si kwa vita, ila utani wao ulikwisha, na hakuna aliyenunua ng'ombe mwingine.

Nikiwa mdogo niliona baba ni shujaa kwa kunyamaza. Nilipokuwa na nyumba yangu mwenyewe ndipo nilipoanza kutilia shaka. Alimkinga mama asijue kwamba hofu yake ndiyo iliyomaliza pini zile, na ninaamini alifanya hivyo kwa upendo. Lakini alimwacha mama aishi akidhani mumewe amemnunia. Inaniuma mpaka leo, kwa ajili yao wote wawili.

Baba alipofariki, bunduki ilirudishwa polisi na mama akaja kukaa nami Membley, hapa Ruiru. Siku moja alianza tena hadithi ile mbele ya wanangu, nami nikamweleza kila kitu, fundi, pini, na lile neno "ni mimi." Hakulia. Aliuliza tu kama nina hakika. Kisha akaomba nimpeleke nyumbani.

Alisimama kando ya kaburi la baba na mkoba wake mkononi, upepo ukimvuta kitambaa. Nilirudi nyuma kidogo ili nisimsikie, lakini masikio yake yamezeeka na siku hizi huongea kwa nguvu.

"Si ungeniambia," alisema. "Baba Njeri, ningeacha siku hiyo hiyo."