Kimea cha Nyanya

Wiki jana nilienda soko la Kibuye kununua sufuria. Muuzaji mmoja akanipa uji kwenye kikombe kidogo, nionje bure. "Hauna sukari hata chembe, kijana. Ni vimeng'enya vinavyoutia utamu. Sayansi!" Nikameza. Ndugu yangu, nilitaka kumrushia kikombe chake. Ulikuwa uji wa nyanya yangu.

Utotoni tuliishi naye mtaa wa Obunga, chumba kimoja. Nyanya aliloweka wimbi, akalifunga kwenye gunia bichi chini ya kitanda mpaka likatoa vimizizi vyeupe. Chumba kizima kilinuka kama shamba baada ya mvua. Kisha alilianika na kulisaga. Huo ndio unga wa kimea. Alipika uji mzito, akauacha upoe mpaka kidole chake cha mwisho kiweze kuuvumilia. "Ukiwa moto sana unakiua kimea," alisema. Hapo alitia kiganja kimoja, akafunika. Tukifunua, uji umekuwa mwepesi, tena mtamu. Dada yangu mdogo alikuwa mgonjwa, na uji mzito ulimkwama kooni. Huo aliumeza, akaomba mwingine.

Siku moja jirani aliona kimea kimeanikwa, akamwita mzee wa mtaa. Watu wakajaa mlangoni.

"Hii kimea ni ya pombe ya busaa, mama. Usitucheze."

"Onja uji kwanza, mzee. Ukilewa, nifunge."

Walicheka, lakini hakuna aliyeonja. Mzee akanigeukia mimi. "Wewe, nyanya yako anapika nini hapa?"

Nilitazama vidole vya miguu yangu. Asubuhi hiyo nilikuwa nimekunywa mabakuli mawili ya uji huo, na sikutoa neno. Kunyamaza kwangu wakakufanya ushahidi. Kimea wakakimwaga mtaroni. Kina mama wa kanisa wakamtoa nyanya kikundini, wakataka kitambaa chao cha sare kirudi; nyanya alikifua, akakipiga pasi, akakipeleka mwenyewe. Hakuotesha wimbi tena. Dada yangu akarudia uji mzito, akawa anautema.

Basi pale Kibuye, muuzaji aliponiuliza kama uji wake ni mtamu, nilisema kwa sauti mpaka watu wakageuka: "Huu ni uji wa nyanya yangu!"

Akacheka. "Kwani nyanya yako alikuwa na kiwanda?"

Alikuwa na gunia na kidole. Sasa hayupo. Nimejaribu kuotesha wimbi mwenyewe mara mbili, na mara zote limeota ukungu. Sijui aliliacha guniani siku ngapi. Siku ile tulijaa mlangoni pake, na hakuna aliyemwuliza.