Nta kwenye nati za spika

Jirani anachemsha nta hapo uani, na harufu yake inanirudishia mjomba wangu, fundi wa mdomo tu yule. Mimi nilikuwa mtoto, meno ya mbele yameng'oka. Yeye alikuwa anatengeneza boksi la spika la mbao za mninga, akatambe nalo ukweni siku ya posa. Nati za kushika bolti za spika zikawa zinazunguka ovyo kwenye matundu ya mbao. Seremala mmoja mzee akamwambia taratibu, "Zipashe moto mwanangu, uzigonge ndani, ziing'ate mbao." Mjomba akabinua midomo: "Aa, mzee! Mizinga yote ya nyuki kule msitu wa Ugalla naiziba kwa nta, sembuse hutu tunati?" Akamimina nta, ikaganda, akajipiga kifua. Mwanaume mzima!

Ukweni boksi likawekwa juani. Muziki ukanguruma, nta ikalainika, nati zikaachia, spika ikadondoka puu kwenye vumbi mbele ya wakwe. Nilicheka mpaka nikajikojolea. Baba wa binti, mzee wa kuongelea puani, akaiokota, akaipuliza, akamrudishia mjomba mikononi: "Kijana, shika hii uende nayo. Binti anabaki."