Mshumaa wa Mama Ostrander

Asinidanganye mtu kwamba wasichana wa siku hizi wana raha. Raha tuliila sisi, miaka ya hamsini, katika kile chuo chetu kidogo cha Ohio: wasichana wa chama kimoja cha wanafunzi chini ya paa moja, tunaitana dada na kugombania bafu kila asubuhi. Mlezi wetu alikuwa Mama Ostrander, mjane wa miaka sitini na kitu, mwenye sauti ya kufukuzia kuku. Kijana akiganda barazani na mchumba wake, Mama humwuliza, "Wewe, kwenu hakuna kitanda?"

Mzee Emil Hruska, muoka mikate wa mjini, alikuwa amemposa mara mbili, na mara mbili Mama amekataa. Chama hakikutaka mlezi mwenye mume, akiolewa, anafungasha. Tena alimwambia mpishi, na mpishi hana kifua, akatumwagia yote: "Wale watoto watanicheka." Sasa Emil alikuwa anahamia Toledo, na Jumapili alitaka jibu la mwisho.

Jumamosi, baada ya chakula, tukakuta mshumaa mezani, umefungwa pete na maua. Kwetu dada aliyechumbiwa hatangazi kwa mdomo. Tunazima taa, tunakaa duara, mshumaa unapita mkono kwa mkono, na mwenyewe anaupuliza ukimfikia. Akishapuliza, amesema, hakuna kurudi nyuma.

"Ni Joyce huyo," nikasema. "Tangu asubuhi anajichekesha."

"Mimi? Koma, Marlys! Nani anichukue na pua hii?"

Mshumaa ukazunguka, ukazunguka tena. Joyce akaupitisha. Hasira zikanipanda, nta inaniunguza vidole. "Jamani, aliyeposwa apulize basi, tukasome!"

"Nipe mimi," akasema Mama Ostrander nyuma yangu.

Alikuwa mlangoni, mahali alipozoea kusimama, nje ya duara. Nikadhani anaogopea mapazia yake. Nikampa. Akatutazama mmoja mmoja, kama mtu aliyevunja sahani ya wenyewe. Halafu akapuliza.

Giza. Kisha Joyce, mjinga yule, akaangua kicheko.

"Nilijua," Mama akasema, sauti imemnywea. "Nilijua mtanicheka."

"Nakucheka wapi, Mama!" Joyce alikuwa analia kwa kwikwi. "Ni furaha hii! Halafu unatuacha, mama mbaya wewe!"

Tukamrukia sote kwa pamoja, mtu akajigonga kabatini, hakuna aliyejali. Tukamsukuma hadi katikati ya duara, tukaanza wimbo wa mchumba, ule anaoimbiwa dada wa nyumba tu. Alikuwa ameusikia miaka yote akiwa mlangoni, anaujua kuliko sisi, lakini hakuimba hata neno. Alisimama akilia, aproni usoni, na kila tukifika mwisho anasema, "Tena, wanangu. Niimbieni tena."