Gari la Keki la Lydiah

Ukifika mtaa wa Tassia ukamuulizia mama wa keki, hata watoto wanaocheza kwenye ngazi watakuonyesha mlango wa Lydiah. Anaoka keki za harusi jikoni mwake, keki za krimu zenye ghorofa tatu, kisha anazipeleka mwenyewe kwa gari lake dogo jeupe. Na krimu, ndugu yangu, haina subira. Ikipata joto inalegea, ikilegea inateremka, na bibi harusi akiiona imeteremka analia mbele ya kamera.

Hapo ndipo taabu ilipoanzia. AC ya gari ilikuwa inapuliza hewa vuguvugu. Keki mbili zilikuwa zimeshaharibikia njiani, na mumewe, Wachira, alikuwa amechoka. Wachira ni seremala, mtu mwema kabisa, ila akishaamua jambo hulipigilia misumari.

"Mama Kate," alimwambia mkewe, maana Kate ndiye binti yao, "Jumamosi una harusi Njiru. Keki hii nayo ikiyeyuka, Jumapili namuuzia Wathome gari. Ameshaliona na amelipenda."

Lydiah alijua maana yake. Bila gari angerudi kuwabembeleza watu wa teksi, wale wanaotaka keki ikae kwenye buti juu ya gurudumu la akiba. Wateja wangemhama, na kazi aliyoijenga kwa mikono yake ingekufa.

"Sawa, Baba Kate," alisema. "Lakini Jumapili haijafika."

Wahenga walisema mkaidi hafaidi hadi siku ya Idi. Walisema hivyo kwa sababu hawakumjua huyu. Ijumaa asubuhi alikuwa Shauri Moyo kwa fundi Omolo, amekaa kwenye kiti cha plastiki, na uso wake ulisema haondoki.

"Mama Kate, hiyo ni gesi tu," Omolo akasema. "Naongeza, unaenda."

Ndivyo kulivyo huku Eastlands. Gari likikosa baridi, ni gesi. Hujafunga mlango na fundi ameshafuata mtungi. Omolo mwenyewe alikuwa amelijazia gari hilo mara mbili, na mara zote mbili joto lilirudi siku iyo hiyo.

"Leo huongezi gesi," Lydiah akamwambia, hakumumunya maneno. "Kama ile ya kwanza iliisha, ilienda wapi? Pima kwanza."

Omolo akafunga vipimo vyake shingo upande. Gesi ilikuwa tele, tena presha ilikuwa imepanda kupita kiasi. Akakuna kichwa. Akatazama feni mbili zilizo nyuma ya rejeta, zote zinazunguka vizuri.

"Basi kompresa imechoka," akasema. "Tutafute nyingine."

"Iliyochoka ingechoka kila mahali. Mimi nikiwa kwenye barabara wazi, linapoa mpaka natafuta sweta. Nikikwama kwenye jam, joto. Magari yakisogea, baridi inarudi. Nimelichunguza wiki nzima, Omolo. Sasa niambie, gari likienda linapata nini ambacho halipati likisimama?"

"Upepo," Omolo akasema.

"Haya. Tutafute upepo."

Lydiah akaenda kusimama mbele ya gari, injini ikinguruma na AC imewashwa. Hewa ya moto ikampiga magotini. Mtu aliyefungua oveni maisha yake yote hahitaji kuelezwa joto linatoka wapi. Akauliza kwa nini gari linampulizia, wakati feni kazi yake ni kuvuta hewa ya nje iingie ndani.

Omolo akasema ni joto la injini tu. Lydiah hakubishana naye. Alitoa mkobani karatasi ile anayotandika ndani ya sufuria za keki, akaisogeza mbele ya gari. Upande wa kushoto karatasi ilivutwa ikanata. Alipoihamishia kulia, ilimponyoka ikamrukia Omolo kifuani.

Fundi hakubisha tena. Aliinama, akachungulia, akainuka taratibu. Feni ya kulia, ile ya AC, ilikuwa inazunguka kinyumenyume. Gari likikimbia, upepo wa barabarani uliishinda nguvu, AC ikapoa. Likisimama, feni ilizuia hewa safi na kuyarudishia mabomba ya AC joto la injini.

"Waya zake mbili zimeungwa kinyume," Omolo akasema, akibandua tepu nyekundu. "Nani alikufungia hii feni?"

Lydiah aliitambua ile tepu. Ilikuwa ya Wachira. Feni ya zamani ilipoungua, Wachira alinunua nyingine kuukuu, akaifunga mwenyewe pale nje ya ploti wanamoishi, na akafurahi hata akaliosha gari. Hasira zilimpanda Lydiah mpaka masikio yakamwaka. Keki mbili, mabibi harusi wawili wamelizwa, na huyo huyo ndiye anayetaka kuuza gari.

"Fundi fulani," akamjibu Omolo. "Zibadilishe."

Jumamosi jua liliwaka kama limetumwa. Lydiah aliendesha, Wachira akakaa nyuma ameshikilia kibao cha keki. Hawakufika mbali. Pale Donholm magari yalisimama, madereva wakazima injini na wengine wakashuka kununua maji. Lydiah hakuzima. Viganja vilimtoka jasho kwenye usukani, si kwa joto bali kwa hofu, maana ndani kulikuwa na baridi kweli. Hakuthubutu kugeuka nyuma.

Wachira aliinama akayakagua maua ya krimu, moja baada ya jingine. Yote yalikuwa yamesimama. Akavuta zipu ya jaketi lake hadi shingoni.

Simu yake ikalia. "Wathome," akasema, "tafuta gari lingine. Hili haliuzwi." Akairudisha mfukoni.

Kisha akauliza, "Kwani ilikuwa nini?"

"Feni. Waya ziliungwa kinyume."

Magari yakasogea kidogo, yakasimama tena. Wachira alikuwa anatazama nje dirishani.

"Ile feni niliifunga mimi," akasema.

"Najua, Baba Kate," Lydiah akasema. "Shikilia keki."